Bach kwa Gitaa la Besi: Je, Ni Kumvunjia Heshima?

Mwaka jana nilialikwa katika shule moja ya sekondari kuhudhuria sherehe ya kuwaaga wanafunzi wa Kidato cha Nne. Katika ratiba lilikuwamo jina la kijana mmoja ambaye angepiga kipande cha Johann Sebastian Bach kwa gitaa la besi la umeme. Zamu yake ilipofika hakuitwa. Baadaye niliambiwa kwamba mwalimu mmoja, mpenzi wa kweli wa muziki wa Ulaya, alikuwa amelifuta jina hilo. Hoja yake ilikuwa kwamba besi ni chombo cha bendi za dansi, na kumpiga Bach kwa chombo hicho ni kumvunjia heshima. Nilimkuta kijana yule nyuma ya ukumbi akikunja waya wake kimya kimya.

Mimi si mwanamuziki. Kazi yangu ni kufundisha fizikia. Lakini uamuzi ule umenikera hata leo, na napenda kueleza kwa nini nauona kuwa kosa la kimuziki na la kielimu pia.

Tuanze na historia. Bach mwenyewe hakuona kwamba utungo ni mfungwa wa chombo kimoja. Alichukua tamasha la Vivaldi lililotungwa kwa fidla nne akaligeuza likawa la vinanda vinne. Gitaa la kawaida nalo lilidharauliwa kwa muda mrefu kuwa chombo cha vilabuni, mpaka mastadi kama Andrés Segovia walipolipandisha katika kumbi kubwa. Mwaka 1935, mjini Paris, Segovia alipiga kwa gitaa utungo maarufu wa Bach wa fidla. Ama kuhusu besi ya umeme, Mmarekani Jaco Pastorius alirekodi kwa chombo hicho kipande cha Bach cha kinanda katika sahani yake ya mwaka 1981. Kijana wetu, basi, hakuanzisha uasi wowote. Aliifuata njia iliyokwisha kukanyagwa.

Sasa tuitazame fizikia yenyewe. Besi ya kawaida ina nyuzi nne, E, A, D na G, zinazotetema takriban mara 41, 55, 73 na 98 kwa sekunde. Selo, chombo ambacho Bach alikitungia suiti sita karibu na mwaka 1720, nayo ina nyuzi nne, C, G, D na A, na ule wa chini kabisa hutetema mara 65 hivi. Muziki wa vyombo vyote viwili huandikwa kwa ufunguo ule ule wa besi. Hata hivyo, kwa desturi, noti za gitaa la besi huandikwa oktavi moja juu ya zinavyosikika. Kwa hiyo mpiga besi akiuweka mbele yake ukurasa wa selo na kuusoma kama ulivyo, muziki wote hushuka oktavi moja, yaani mitetemo yote hugawanywa kwa mbili. Uwiano baina ya noti haubadiliki hata chembe.

Chukua mwanzo wa suiti ya kwanza, ulio katika G. Noti zake tatu za awali ni G, D na B. Katika kimo cha selo, mpiga besi angelazimika kupanda mpaka kwenye freti ya 15 na kuendelea, na G ya juu kabisa ya kipande hicho ingemdai freti ya 24, ilhali besi nyingi zina freti 20 au 21 tu. Lakini oktavi moja chini mambo huwa mepesi: G iko katika freti ya tatu ya uzi wa E, D ni uzi mtupu, na B iko katika freti ya nne ya uzi wa G. Ile G ya juu nayo huangukia freti ya 12, katikati kabisa ya uzi.

Tazama pia mitetemo ya noti hizo tatu: 49, 73 na 123, karibu sawa na uwiano wa 2, 3 na 5. Bach alizipanua noti zake, na upana huo ndio unaouokoa muziki unaposhushwa. Kama B ingewekwa karibu na G, tungekuwa na mitetemo 49 na 62. Tofauti ya mitetemo 13 hivi sikio huisikia kama mngurumo mkavu, si kama sauti mbili zinazopatana. Hii ndiyo sababu noti zilizosongamana hupendeza juu na huchukiza chini.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba hakuna hasara. Noti nne za chini kabisa za selo, zikishushwa, hazimo katika besi ya nyuzi nne. Hudai besi ya nyuzi tano au marekebisho ya busara. Tena selo hupigwa kwa upinde, na upinde waweza kuikuza noti baada ya kuanza. Uzi uliochunwa huanza kufifia papo hapo. Katika vipande vya polepole upungufu huu husikika. Lakini hata kinanda cha nyuzi cha zama za Bach kilizichuna nyuzi zake, nazo zilififia vivyo hivyo, na yeye alikitungia kwa wingi bila kulalamika.

Hoja yangu kubwa zaidi ni ya darasani. Tunalalamika kwamba hatuna vifaa vya kufundishia sauti na sumaku-umeme. Kumbe katika besi ya kijana yule vyote vimo! Uzi wa chuma hutetema juu ya sumaku iliyozungushiwa koili, na umeme mdogo huzaliwa ndani ya koili kwa kanuni aliyoigundua Faraday mwaka 1831. Mwalimu na apime kwa rula urefu wa uzi, ambao kwa kawaida ni milimita 864, kisha apime kutoka kwenye daraja mpaka freti ya 12: atapata takriban 432, nusu kamili. Wanafunzi na wagawanye 864 kwa 1.0595, kisha jibu kwa 1.0595 tena, hatua kwa hatua. Watazipata freti zote, moja baada ya nyingine. Baada ya hapo kijana na awapigie Bach, nao wasikie hesabu waliyoifanya.

Mwalimu aliyelifuta jina lile alikusudia kulinda heshima ya muziki mkubwa. Nakubali kwamba heshima hiyo inastahili kulindwa, ila hulindwa kwa kupiga vizuri. Alipaswa kumsikiliza kwanza kijana yule, ambaye alijifunza kipande hicho bila kuamriwa na mtu. Na kama angekipiga vibaya, amrudishe akafanye mazoezi. Chombo hakina kosa.