Wasiwasi si toba

Yuko mtu asiyejali dhambi zake kamwe. Habari zake zahubiriwa mara nyingi. Leo tumtazame mwingine, ambaye husemwa mara chache: yule anayezitazama dhambi zake mno, hata haioni tena huruma ya Mungu.

Bila shaka mnamjua. Ameungama Jumamosi, Padri amemwondolea dhambi. Kabla hajafika nyumbani aanza kujiuliza: Je, nilieleza sawasawa? Je, majuto yangu yalikuwa ya kweli? Usiku hapati usingizi. Jumapili abaki mahali pake, wenzake wanapoiendea Komunyo. Jumamosi ifuatayo arudia maneno yale yale. Watoto wakimwona mama yao katika hali hiyo, watadhani kwamba dini ni huzuni.

Je, huo ndio utakatifu? Sivyo. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, askari wa Hispania, aliionja taabu hiyo. Mwaka 1521 alijeruhiwa mguu kwa mzinga mjini Pamplona, na katika kuugua kwake akamgeukia Mungu. Mwaka 1522, huko Montserrat, aliungama kwa maandishi dhambi za maisha yake yote, maungamo yakachukua siku tatu. Hata hivyo, alipokaa Manresa, wasiwasi ulimshika. Kila dhambi aliyoikumbuka ilivuta nyingine. Alisali saa saba kila siku, akafunga chakula juma zima, wala hakupata raha. Akajaribiwa hata kujitupa shimoni. Padri wake akamwamuru ale, naye akatii. Mwishoni akatambua kwamba roho iliyomsumbua vile, hata kumchukiza maisha mema aliyoyaanza, haikutoka kwa Mungu. Akakata shauri asiziungame tena dhambi za zamani, akawa huru.

Hapo tunapata kipimo. Majuto ya kweli humrudisha mtu kwa Mungu, kwa mwenzake na kwa kazi yake. Wasiwasi humfungia ndani ya nafsi yake mwenyewe.

Labda mtauliza: Twaweza kujua kwa hakika kwamba tu katika neema? Mtaguso wa Trento, mwaka 1547, ulifundisha kwamba hakuna awezaye kujua neno hilo kwa hakika ya imani. Lakini Mtaguso ule ule ulisema pia kwamba mtu mwema asiwe na shaka juu ya huruma ya Mungu, mastahili ya Kristu na nguvu ya Sakramenti, na kwamba wote waweke tumaini thabiti katika msaada wa Mungu. Tena mwaka 1551 ulifundisha kwamba dhambi ambazo mtu hazikumbuki, baada ya kujichunguza kwa bidii, zimo katika maungamo yale yale. Basi tumaini letu halisimami juu ya hesabu yetu, lasimama juu ya Yeye aliyeahidi.

Mwenye kufagia uwanja hufagia asubuhi, kisha huweka ufagio na kwenda shambani. Akifagia mchana kutwa, atachimba shimo mlangoni pake, na jioni hakuna chakula. Vivyo hivyo na roho. Jichunguze jioni kwa muda mfupi, omba msamaha, ulale. Ukikumbuka kweli dhambi ya mauti uliyoisahau, itaje katika maungamo yajayo, yatosha. Mwenye wasiwasi achague Padri mmoja, amtii, wala asizunguke kwa mapadri wengi akitafuta jibu jingine. Padri akimwambia aende kupokea Komunyo, aende, hata kama moyo wake watetemeka. Na ikiwa mawazo hayo yamnyima usingizi na kazi siku nyingi, amwone mganga wa hospitali pia. Huenda ni ugonjwa, na kuugua si dhambi.

Nanyi wazazi, msimfanye Mungu kuwa fimbo ya kuwatishia watoto. Mtoto aliyekosa akija kwenu na kukiri, mkamsamehe, msimkumbushe kosa lile kesho yake. Kwa namna hiyo atajifunza nyumbani, kabla ya katekisimu, maana ya kusamehewa.