Mashine ya kudarizi bila ujuzi wa mchoro ni deni

Sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania huuzwa nje ikiwa pamba nyuzi, na thamani huongezwa na wengine. Hivyo fundi anayekopa ili anunue mashine ya kudarizi ya kompyuta anastahili pongezi. Swali ni je, mkopo utalipika?

Mashine hiyo haisomi picha. Nembo ya shule hugeuzwa kwanza kuwa faili ya mishono, na mtayarishaji ndiye huamua aina ya mshono, mwelekeo na msongamano wake. Mishono ikisongamana mno, kitambaa hujikunja na uzi hukatika.

Tupige hesabu. Kwa mwendo wa mishono 800 kwa dakika, nembo ya mishono 8,000 huchukua dakika 10. Ikitayarishwa vibaya ikafika mishono 12,000, huchukua dakika 15. Kwa sare 200, fundi amepoteza zaidi ya saa 16, mbali na uzi na umeme.

Wakopeshaji wasiishie kwenye bei ya mashine. Waweke na fungu la mafunzo. Asiyejua kutayarisha faili atapangiwa bei na anayejua.