Mchoraji wa Mambo ya Kweli Asiachwe Peke Yake

Mtu akitaka kujua ni sehemu gani ya gazeti inayotazamwa kwanza, na aende katika baraza yoyote ya Mji Mkongwe, Mkokotoni au Chake Chake wakati gazeti linapopita mkono kwa mkono. Ataona ya kwamba kabla ya hotuba, kabla ya bei ya karafuu, na mara nyingi hata kabla ya mpira, jicho hutua penye katuni. Mzee huitazama akatabasamu bila ya kusema neno. Kijana huionyesha kwa mwenziwe. Na yule ambaye hakujaaliwa kusoma sana huielewa sawasawa na mwenye shahada. Hiyo ni nguvu kubwa, nasi tumeizoea kiasi cha kuidharau. Tumeichukulia katuni kuwa ni kitu cha kuchekesha tu, kana kwamba kazi ya mchoraji inamalizika pale kicheko kinapokwisha.

Leo tunapenda kusema juu ya kazi nyingine ya kalamu hiyo hiyo, nayo ni hadithi ndefu za michoro zinazosimulia mambo ya kweli ya jamii. Katika kazi hii mchoraji huenda kwa watu, huwauliza na kuwasikiliza, huandika majina, tarehe na mahali, kisha hurudi mezani akachora yale aliyoyaona na aliyoambiwa, ukurasa baada ya ukurasa, kama vile mwandishi wa habari anavyoandika makala. Tunamkusudia mchoraji huru, yaani yule ambaye hakutumwa na mtu kusema neno lililokwisha kuamuliwa. Sisi tunaona kwamba kazi yake inahitajika sana visiwani, kwamba haiwezi kusimama bila ya msaada, na kwamba msaada wenyewe ukitolewa vibaya ndio utakaoiua.

Tuanze na mfano wa watu wengine wa visiwani, Wajapani. Keiji Nakazawa alikuwa mtoto wa miaka 6 bomu la atomiki lilipoangushwa juu ya mji wao wa Hiroshima, tarehe 6 Agosti, 1945. Yeye alikingwa na ukuta wa skuli. Baba yake, dada yake na mdogo wake wa kiume walikufa siku ile. Alipokua alikwenda Tokyo akawa mchoraji wa katuni, na kwa miaka mingi hakutaka kuligusa jambo hilo. Mama yake alifariki mwaka 1966, na alipochomwa kwa mujibu wa desturi ya nchi ile, mtoto hakukuta mifupa ya kuzika, ila majivu. Hapo ndipo alipoamua kusema. Mwaka 1972 alitoa simulizi fupi ya maisha yake mwenyewe, iliyoitwa "Ore wa Mita", maana yake "Niliona". Mwaka uliofuata akaanza hadithi ndefu ya "Hadashi no Gen", ambayo ingawa mtoto anayesimuliwa humo amepewa jina la kubuni, imejengwa juu ya yale yaliyomfika mchoraji mwenyewe.

Tunaieleza habari hii kwa sababu ya yaliyofuata. Jarida kubwa la watoto lililoianza hadithi hiyo liliiacha baada ya muda usio mrefu. Kazi haikufa, kwa kuwa majarida madogo yaliipokea, na mojawapo lilikuwa la chama cha walimu. Mwaka 1976 watu wa kujitolea wakakusanyika Tokyo kuitafsiri ili isomwe na mataifa mengine. Lakini mwezi Desemba 2012, mwezi ule ule aliofariki Nakazawa, ofisi ya elimu ya mji wa Matsue ilizitaka skuli zake ziwazuie watoto kuvichukua vitabu hivyo kwa hiari yao katika maktaba, kwa hoja kwamba picha zake ni kali mno. Habari ilipojulikana mwezi Agosti 2013, wananchi walilalamika, na katika mwezi huo huo amri ikaondolewa. Hatusemi kwamba maofisa wale walikuwa watu wabaya. Walikuwa na hofu ya kawaida ya mtumishi wa umma aliye mbele ya picha inayosema kweli. Sifa yao ni kwamba walikubali kusahihishwa.

Mfano wa pili ni wa Joe Sacco, mzaliwa wa kisiwa cha Malta, anayeishi Marekani. Mwishoni mwa mwaka 1991 na mwanzoni mwa 1992 alikwenda Palestina, akakaa na watu majumbani mwao na kambini. Aliyoyapata aliyatoa katika vitabu vyembamba 9 kati ya mwaka 1993 na 1995. Havikuuzwa sana, lakini mchapishaji wake mdogo hakumtupa, na mwaka 2001 vikakusanywa kuwa kitabu kimoja ambacho leo kinasomeshwa katika vyuo vikuu. Baadaye alirudi Ghaza kutafuta habari za mauaji ya Novemba 1956 katika miji ya Khan Younis na Rafah. Katika kitabu alichokitoa mwaka 2009 aliyaweka masimulizi ya wazee mbele ya msomaji, na pale wazee walipohitilafiana hakuficha; alichora hitilafu yenyewe, akaeleza namna alivyopima maneno ya kila mmoja. Hiyo ndiyo amana ya kazi hii.

Katika Afrika Mashariki hatuanzi na mikono mitupu. Wazee wetu wanamkumbuka Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la "Uhuru", na Juha Kalulu wa Edward Gitau upande wa Kenya. Tangu mwaka 2010, jarida la "Shujaaz" lililoanzia Kenya na baadaye kufika Tanzania limewafikia vijana wengi kwa wahusika wa kubuni wanaozungumza lugha yao ya mitaani. Hapa kwetu nako, wizara na mashirika yamekuwa yakitumia vijitabu na mabango ya michoro kuhimiza usafi, chandarua na chanjo. Hizo zote ni kazi njema, na hakuna haja ya kuzibeza.

Hata hivyo ni lazima tuitambue tofauti. Kijitabu cha kampeni huanza na jibu, kisha hutafuta picha za kulipamba. Mwananchi huchorwa akiwa mwanafunzi. Mwenye kusema ni mtaalamu. Mradi ukimalizika, fedha hukatika, na mchoraji hurudi kuandika vibao vya maduka. Hadithi ya kweli huanza na swali, na mwananchi ndiye mwalimu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na anayetaka kuwajua kunguni hao hana budi amwulize anayekilalia.

Tuchukue habari ya mwani. Kilimo hiki kilianza kwa biashara mwaka 1989 katika fukwe za Paje na Jambiani, kikaenea Unguja na Pemba, na wakulima wake walio wengi ni wanawake. Tumesoma mengi juu ya tani zilizosafirishwa. Lakini nani ametuonyesha siku moja ya mama wa mwani, tangu anapoteremka pwani kwa maji ya bamvua na kamba zake na taitai, mpaka anapopandisha gunia bichi kichwani? Bahari imezidi kuwa na joto, na ile aina inayolipa bei nzuri zaidi imekuwa ikioza na kukatika katika maji ya kina kifupi. Mama huyu anaelezaje hasara hiyo? Anamwuzia nani, na kwa nini humwuzia huyo na si mwengine? Kalamu ya mchoraji inaweza kuyaweka hayo katika kurasa 24, na waziri akazimaliza kuzisoma kabla chai yake haijapoa. Hata yule mama mwenyewe ataweza kuzifungua akasema: hapa ni kweli, na hapa mmekosea.

Au tuchukue jambo zito zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011, meli ya Spice Islander ilizama katika bahari ya Nungwi ikielekea Pemba. Maiti zaidi ya 200 zilipatikana, na watu wengi zaidi hawakuonekana tena. Tarehe 18 Julai, 2012, ikazama Skagit karibu na Chumbe. Tume ziliundwa na ripoti zikaandikwa. Lakini ripoti huandikwa kwa lugha ya kanuni na hesabu, na watoto waliozaliwa mwaka ule sasa ni vijana wanaopanda meli wenyewe. Masimulizi ya walioelea juu ya magodoro mpaka asubuhi, ya wavuvi waliowaokoa, na ya waliosubiri bandarini, yamo vinywani mwa watu. Na vinywa, kwa amri ya Mungu, hufumba. Mchoraji mwenye adabu na subira angeweza kuyahifadhi, kwa idhini ya wenyewe, ili yawe ukumbusho kwa abiria, kwa nahodha na kwa mkaguzi wa bandari.

Wengine watasema kwamba visiwa vyetu ni vidogo, kila mtu anajuana, na kusema kweli ni kuaibishana. Hoja hii ni ya haki, lakini ndipo hasa mchoro unapoishinda picha ya kamera. Kamera humfichua mtu. Kalamu inaweza kumsitiri. Mwanamke aliyepigwa, au kijana aliyenaswa na dawa za kulevya, anaweza kuchorwa kwa sura nyingine na jina jengine, maneno yake yakabaki yale yale, na msomaji akaambiwa wazi tangu ukurasa wa kwanza kwamba sura na majina yamebadilishwa kwa ajili ya stara.

Kwa nini basi kazi hizi ni haba? Sababu ya kwanza ni riziki. Ukurasa mmoja unaosomwa kwa dakika moja huweza kumchukua mchoraji siku kadhaa, bila ya kuhesabu siku za kusafiri na kuuliza. Sababu ya pili ni gharama ya karatasi na uchapaji, ambayo humkabili kabla hajauza nakala hata moja. Ya tatu ni mikataba: mara nyingi anayeagiza kazi huchukua haki zote, na mchoraji hubaki hana hata ruhusa ya kuichapisha tena kazi ya mkono wake, ingawa Zanzibar ina sheria ya hakimiliki tangu mwaka 2003. Na ya nne, tuseme bila ya kificho, ni woga.

Kwa hivyo tunaishauri Serikali mambo matatu. Kwanza, isaidie kwa kununua, isisaidie kwa kuagiza. Fedha inayotolewa kabla ya kazi huja na maneno ya kusemwa. Lakini wizara ikinunua nakala mia kadhaa za kitabu kilichokwisha, kwa ajili ya maktaba za skuli na za umma, mchoraji hupata mtaji wa kitabu cha pili na hakuna aliyemshika mkono. Uteuzi wa vitabu hivyo ufanywe na walimu, wakutubi na wachoraji wenyewe, na orodha itangazwe. Pili, sheria imtambue. Sheria ya Usajili wa Wakala wa Habari, Magazeti na Vitabu, Namba 5 ya mwaka 1988, ilitungwa wakati ambapo kutoa gazeti kulihitaji mtambo na ofisi, na waandishi wameomba kwa miaka mingi iandikwe upya. Iwe sheria hiyo au yoyote ya kushika nafasi yake, kijana anayetoa kijitabu cha kurasa 24 asitwishwe mzigo wa kampuni ya magazeti. Na akishitakiwa kwa kosa, basi mahakama ndiyo iamue, si barua ya ofisi. Tatu, pale picha itakapomkera ofisa, na akumbuke Matsue. Afadhali kujibu hoja kwa hoja kuliko kufungia kitabu na kukitangaza bure.

Wachoraji nao wana wajibu. Uhuru hauwi kisingizio cha uzushi. Anayesema "hii ni kweli" na aweke tarehe, aulize upande wa pili, arudi kwa aliowahoji kabla ya kuchapa, na kosa likidhihirika alisahihishe hadharani. Kitabu kimoja cha uongo kitawafungia mlango kumi wenye kusema kweli.

Sisi wa magazeti, likiwemo hili, tuna deni letu. Nakazawa na Sacco wote wawili walianza kwa vipande vidogo vilivyotoka kimoja kimoja. Nusu ukurasa kwa juma, kwa malipo ya haki na hakimiliki ikabaki kwa mwenyewe, ungetosha kumkuza mchoraji mmoja mpaka akapata kitabu. Na wewe msomaji, ukikiona kijitabu cha namna hiyo, kinunue; usikiazime mpaka kikachakaa. Mkono mtupu haulambwi.

Wavuvi, wakulima wa mwani, wapagazi wa bandarini na mama wanaopanga foleni ya maji wana mengi ya kutuambia, na kalamu za kuyachora zipo. Ombi letu kwa wenye mamlaka ni kwamba bajeti ijayo ya elimu na utamaduni iwe na fungu, japo dogo, la kununulia vitabu hivi, na kwamba anayevichora asihesabiwe kuwa adui kwa sababu tu amechora alichokiona.