Mwaka mmoja kabla ya chuo

Mwezi wa sita hapa Selly Oak huwezi kupita mitaani bila kukwepa magodoro. Wanafunzi wa chuo wanamaliza mikataba ya nyumba, na vitu visivyoingia kwenye gari la baba vinaachwa kando ya njia: viti, masufuria, safari moja hata pasi nzima na waya wake (niliichukua, inafanya kazi mpaka leo). Tulikuwa tunayakwepa magodoro hayo, tukitoka dukani Bristol Road, binti yangu aliponiambia kwamba Septemba haendi chuo. Anataka mwaka mmoja kwanza. Na ameshapata programu: miezi sita Dar es Salaam, kufundisha watoto Kiingereza.

Nikauliza bei. Zaidi ya pauni elfu nne, bila tiketi ya ndege.

"Shangazi yako ana chumba Magomeni," nikamwambia. "Kimekaa bure."

"Kwa shangazi nitakuwa mgeni, mama. Nitazungushwa kusalimia watu mpaka siku ya kurudi."

Sikuwa na jibu, maana ni kweli. Tukienda nyumbani watoto wetu hawaachwi wakanunue hata vocha peke yao, wanasindikizwa na watu watatu.

Wazazi wengi tukisikia habari ya mwaka wa kukaa kabla ya chuo, tunaona mwaka umepotea. Tunasahau kwamba Tanzania jambo hilo liliwahi kuwa sharti. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliamua kwamba kijana akimaliza kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja. Apite Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi miaka miwili. Sharti lilikuja kulegezwa, lakini baba yangu mdogo alilipitia. Alikuwa karani wa bohari Tanga, na hadi leo anasimulia habari za bohari ile kuliko za Mlimani. Kwa hiyo sikumkatalia binti mwaka wake. Nilichotaka kujua ni mwaka wa kufanya nini.

Tukakaa na maelezo ya programu. Picha nzuri: ufukwe, wikendi Zanzibar, watoto waliovaa sare wakicheka. Nikamwuliza, Jumatatu saa mbili asubuhi utakuwa wapi, na nani atakuwa pamoja nawe darasani? Hapakuandikwa. Jina la shule hapakuwa. Kilichoandikwa ni kwamba unaweza kukaa wiki mbili au miezi sita, upendavyo. Maana yake watoto wale wanabadilishiwa mwalimu kila wiki mbili. Nikamwambia, wewe ungekubali kufundishwa kemia na mtoto aliyemaliza shule mwezi uliopita? Akanyamaza.

Kisha tukafika kwenye visa. Programu ilisema aje na visa ya matembezi. Visa hiyo hairuhusu kazi, hata ya kujitolea. Anayejitolea Tanzania anahitaji kibali cha ukaazi cha daraja C. Binti yangu ana pasipoti ya Uingereza, na Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Mbele ya afisa uhamiaji pale uwanja wa Julius Nyerere, mjukuu wa bibi yake ni mgeni kama mgeni mwingine yeyote. Kumweleza hilo kulikuwa kugumu kuliko habari ya pesa.

Mimi nilikuwa na wazo langu. Hapa Birmingham kuna City Year, shirika linalochukua vijana wa miaka 18 hadi 25 wakahudumu mashuleni kwa mwaka wa masomo, wakisaidia watoto wanaobaki nyuma. Unafundishwa kazi kabla ya kuachiwa mtoto wa mtu. Na jioni unarudi kula kwa mama. Nikaisifia wiki nzima.

"Hiyo ni nzuri kwa anayetaka kujua shule," akasema. "Mimi ninachokosa ni Kiswahili."

Hapo ndipo nilipomsikia. Kiswahili chake ni cha jikoni. Akigombezwa anaelewa kila neno, lakini mpe gazeti atasoma kichwa cha habari na kuliweka. Bibi akipiga simu wanaulizana hali, halafu simu inarudi kwangu.

Nikamkumbusha nyumba ya Woodbrooke, hukohuko Bristol Road ukielekea Northfield. Waquaker walifungua chuo pale mwaka 1903, katika nyumba iliyokuwa ya George Cadbury, yule wa chokoleti. Jomo Kenyatta alisoma humo kati ya 1931 na 1932. Alikuwa amekuja Uingereza kupeleka malalamiko ya ardhi ya Wakikuyu, na alikuwa mtu mzima kabisa, si kijana. Alichosomea pale ni kuandika Kiingereza, akapata cheti chake, akaendelea na safari zake. Binti akacheka kwamba yeye anataka kwenda upande wa pili kwa shida ileile.

Basi tukaiacha ile programu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI, inayofundisha wageni. Aliye tayari kukaa Unguja aulize SUZA, nao wanafundisha wageni tangu zamani. Ada unalipa chuoni, mwalimu ana jina, na habari ya kibali cha mwanafunzi unaiuliza chuoni hapohapo kabla ya kukata tiketi. Mpaka Krismasi atafanya kazi dukani hapa Selly Oak, alipe mwenyewe.

Kuna karatasi ambazo ningependa mzijue kabla ya kukubaliana na mwanao. Kwanza, nafasi ya chuo: ombeni isogezwe mwaka mmoja, na msilipe programu yoyote kabla chuo hakijajibu, maana si kila kozi inakubali. Posho ya mtoto inakoma akiwa hasomi. Mkopo wa masomo unaombwa kwa mwaka anaoanza, na unadai awe mkazi wa kawaida wa Uingereza miaka mitatu kabla ya hapo. Safari ya muda haivunji ukaazi, ila tunzeni tiketi ya kurudi na barua ya kule alikokuwa. Na ninyi mlio na vibali vya muda, tazameni tarehe ya mwisho. Ikiangukia ndani ya mwaka huo, mtoto abaki mpaka kibali kipya kitoke. Akitoka nchini maombi hayajajibiwa, yanahesabiwa kuwa ameyaondoa. Nimeona familia moja ikilia kwa hilo.

Jumapili alimpigia shangazi amweleze njia. Magomeni unapanda mwendokasi mpaka Ubungo, pale unabadilisha gari la kwenda chuoni. Alikuwa anaandika vituo kwenye daftari, kwa Kiswahili, na hakunirudishia simu.

"Siku ya kwanza nitakupeleka," shangazi akamwambia.

"Siku ya kwanza tu, shangazi."

"Haya, wiki ya kwanza."