Uwasilishaji katika Darasa la Lugha ya Kigeni: Kusema au Kusoma kwa Sauti?

Lugha ni sauti kabla ya kuwa maandishi. Kanuni hii hufundishwa mapema katika kozi za isimu na hakuna mwanafunzi asiyeijua. Hata hivyo, katika madarasa ya lugha za kigeni vyuoni humu nchini, hususan ya Kifaransa na Kijerumani, kanuni hiyo mara nyingi husahauliwa pale hasa inapohitajika: mwanafunzi anapoitwa mbele ya wenzake kuwasilisha mada.

Utaratibu wenyewe unafahamika. Mwanafunzi hupewa mada mapema, akaandika kila neno, aghalabu kwa msaada wa rafiki au programu ya kutafsiri. Kisha huikariri hotuba yake kama kasuku, au huiweka yote kwenye slaidi na kuisoma huku amewapa wenzake kisogo. Makofi hupigwa, matamshi mawili matatu yakasahihishwa, alama zikatolewa. Likizuka swali moja tu ambalo halikutarajiwa, yule aliyekuwa akitiririka kama maji hubabaika, akaishia kujibu kwa Kiingereza.

Ni wazi kwamba kinachopimwa hapo ni kusoma kwa sauti, wala si kuzungumza. Mnamo 1985, mtaalamu Merrill Swain aliandika kuhusu watoto wa Kanada, wazawa wa Kiingereza, waliokuwa wakifundishwa masomo yao kwa Kifaransa. Baada ya miaka kadhaa walikielewa Kifaransa vyema, lakini usemaji wao ulisalia na kasoro nyingi za kisarufi. Swain alihoji kwamba kusikia na kuelewa hakutoshi. Sharti mwanafunzi asukumwe kuitoa lugha yeye mwenyewe. Ni katika kuitoa ndipo anapong'amua pengo lililopo baina ya anachotaka kusema na anachoweza kusema. Anayesoma hotuba iliyokamilika halifikii pengo hilo kamwe.

Watunzi wa mitihani ya kimataifa wamelizingatia jambo hili. Mtahiniwa wa DELF katika kiwango cha B2 hupewa dakika 30 za kujiandaa, kisha hutoa msimamo wake na kuutetea mbele ya watahini kwa takriban dakika 20. Katika mtihani wa Kijerumani wa Goethe-Institut wa kiwango cha B1, mtahiniwa akishamaliza kuwasilisha mada, mwenzake humpa maoni na kumuuliza swali. Kote kuwili, hotuba ni mlango tu wa kuingilia kwenye mazungumzo.

Wapo watakaodai kwamba mwanafunzi mwoga akinyang'anywa maandishi atanyamaza kabisa. Hoja hii ina uzito. Wanafunzi wengi nchini hawaisikii lugha hiyo ya kigeni nje ya darasa, na kicheko cha wenzao huuma. Lakini dawa ya woga ni kuupunguza mzigo. Mwanafunzi na apewe dakika tano badala ya kumi na tano, na ashike kikaratasi chenye maneno makuu pekee. Mhadhiri na ayaandike makosa na kuyajadili baadaye bila kumkatiza msemaji. Nusu ya alama na zitolewe kwa jinsi anavyoyajibu maswali, na wasikilizaji nao watuzwe kwa kuuliza. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Wengine watalalamikia wingi wa wanafunzi. Ni kweli kwamba wanafunzi 40, kila mmoja akisimama kwa dakika kumi, wanahitaji zaidi ya saa sita. Wakigawanywa katika makundi ya watu wanne wanne yanayozungumza kwa wakati mmoja, wote watakuwa wamesema na kuulizwa maswali katika dakika 40, huku mhadhiri akizunguka na kusikiliza.

Suala hili linamhusu pia mwanafunzi wa Kiswahili. Katika mtihani wa KCSE wa mfumo wa 8-4-4, Kifaransa kimekuwa na karatasi ya kuzungumza, ilhali karatasi zote tatu za Kiswahili zimekuwa za kuandika, hata pale fasihi simulizi inapotahiniwa. Wakati huohuo, wahitimu wa Kenya wamewahi kwenda Marekani kukifundisha Kiswahili kupitia mpango wa Fulbright, na huko Kiswahili ndicho lugha ya kigeni. Mhitimu aliyezoea kusoma slaidi atawafunza wanafunzi wake kusoma slaidi, nao watakuja Mombasa wakiwa na hotuba nzuri wasiyoweza kununulia hata nazi sokoni. Mabadiliko yanaweza kuanza muhula ujao, kwa mhadhiri kutenga alama za maswali na mwanafunzi kuiacha hotuba yake mezani.