Kabati la Kale Lisikombwe Ovyo

Majuzi tuliletewa barua na kijana wetu mmoja, mtoto wa ndugu yetu, ambaye kwa miaka mingi sasa ni mkazi wa Uingereza. Baada ya salamu na kuulizana hali, akatueleza kwamba amenunua kwa bei nafuu kabati la mchezo wa video, miongoni mwa yale yaliyokuwa yakisimama katika majumba ya burudani ya miji ya pwani ya huko, mtu akitia sarafu na kucheza hadi bahati yake imwishie. Kioo chake chawaka, ingawa kimefifia. Bodi yake ya umeme haiwaki kabisa. Kwa hivyo amekusudia kulikomba lote ndani, kioo na bodi na nyaya, avitupe jaani, kisha atie kompyuta ndogo yenye kuiga michezo mingi, wanawe wapate kucheza sebuleni. Akamaliza kwa kuuliza: "Jee, Ami, wewe uliyezoea kutugombeza kwa kutupa vitu vya wazee, katika hili waonaje?"

Tumeona kuwa swali hili si la kijana yule peke yake. Kazi ya kugeuza makabati ya kale kuwa kompyuta za nyumbani imeenea Marekani, Ulaya na Japani, na watoto wetu walioko ng'ambo hawakubaki nyuma. Basi jibu letu twaliweka hapa hadharani, alisome yeye na wengine.

Yafaa kwanza tukumbushane asili ya jambo. Mwaka 1972 kampuni ya Atari ya California ilitoa mchezo wa Pong, uliobuniwa na fundi Allan Alcorn: vijiti viwili vya mwanga na kidoa kinachopigwa huku na huku, mfano wa mpira wa meza. Mwaka 1978 Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito, huko Japani, akatoa Space Invaders. Mwaka 1980 Toru Iwatani wa Namco akamleta Pac-Man, kile kiduara cha manjano kilichokuwa kinywa kitupu. Siku hizo kila mchezo ulikuwa na kabati lake. Mbao, kioo chenye kisogo kirefu kama cha televisheni za zamani, bodi, vitufe, kijiti cha kuongozea, hata picha zilizochorwa ubavuni, vyote viliundwa kwa ajili ya mchezo mmoja.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya watoto, na gazeti lina la maana zaidi la kuandika. Hao tutawajibu kwamba mwaka 2012 jumba la sanaa la MoMA mjini New York lilimtia Pac-Man katika hazina yake. Mchezo uliowakusanya mamilioni ya watu wa mataifa mbalimbali ni sehemu ya mila za karne iliyopita, tukiupenda tusiupende. Na namna watu wanavyotunza vitu vyao vya mchezo, ndivyo mara nyingi wanavyotunza na vile vya maana zaidi.

Sasa tuitazame hii kompyuta ya kuiga. Programu zifanyazo kazi hiyo huitwa emuleta. Iliyo mashuhuri katika michezo ya makabati ni MAME, iliyotolewa mara ya kwanza Februari 1997 na Nicola Salmoria wa Italia. Ilianza kwa michezo michache tu ya jamii ya Pac-Man. Leo yaendesha maelfu, na tangu mwaka 2016 imo chini ya leseni huria. Kazi yake si kuchora mchezo upya kwa kukisia. Yaiga mwenendo wa kila chipu iliyokuwa katika bodi ya asili, kisha hupewa nakala ya programu ileile iliyokuwa ndani ya chipu hizo. Bodi ya Pac-Man ilikuwa na chipu ya Z80 iendayo mapigo milioni tatu na ushei kwa sekunde, na programu nzima ya mchezo ilikuwa kilobaiti 16 tu. Picha moja ya simu za leo huizidi hiyo mara nyingi. Ndiyo maana kompyuta ya ukubwa wa kiganja, mfano wa Raspberry Pi iliyotoka Uingereza mwaka 2012, yaweza kubeba michezo iliyokuwa ikijaza ukumbi mzima.

Uaminifu wa nakala hii wastaajabisha. Katika Pac-Man wa asili, hesabu ya hatua huwekwa katika nafasi isiyoweza kupita 255. Mchezaji hodari akifika hatua ya 256, nusu ya kioo hujaa herufi na alama zisizo na maana, na safari ndipo iishiapo. Ukicheza kwa emuleta, kosa lile lile hutokea pale pale. Sisi watu wa mwambao twaifahamu amana ya namna hiyo. Tenzi zetu za kale zimetufikia kwa sababu walikuwapo watu walioketi na kalamu za mwanzi wakanakili, na mnakili mwema alikuwa yule asiyejitia kumsahihisha mwenye kazi.

Wala nakala hizi si anasa. Bodi za Capcom za aina ya CPS-2, zilizoanza kutumika mwaka 1993, ziliwekewa ufunguo wa siri unaohifadhiwa kwa nguvu ya betri. Betri ikifa, ufunguo hufutika na mchezo haufunguki tena, hata kama bodi ni mpya machoni. Wapenzi wa michezo waliichimba siri ile kwa miaka, na kufikia mwaka 2007 wakaifumbua yote. Lau si wao, michezo ile ingekufa mmoja baada ya mwingine, kila betri kwa siku yake. Kwa hivyo sisi hatumo katika kundi la wanaoichukia emuleta. Twaishukuru.

Lakini nakala haikai mahali pa asili yake, na hapa ndipo tunapomwomba kijana wetu ashushe bisibisi chini kidogo.

Atazame Pong. Mchezo ule haukuwa na programu hata moja. Haukuwa na chipu ya kuamua mambo. Ulikuwa saketi tupu, waya kwa waya, na mpira wenyewe ni umeme uliopangwa kwa ustadi. Hakuna faili la kunakili. Mwenye kuitupa bodi ya Pong hakutupa msahafu wa maandishi yaliyokwisha pigwa chapa. Ametupa maandishi yenyewe. Kisha atazame Space Invaders. Kioo chake kilikuwa cha nyeupe na nyeusi, na rangi zilitokana na vipande vya plastiki vilivyobandikwa juu yake. Katika kabati la kusimama lililotengenezwa na Midway kwa soko la Marekani, ilikuwamo picha ya mwezi iliyochorwa ndani, na kioo cha kuakisi kiliwaleta wale maadui waonekane kana kwamba wanaelea juu ya mwezi ule. Mwezi haumo katika programu, umo katika mbao. Mtu akilikomba kabati lile akabaki na programu peke yake, ameokoa maneno akatupa sauti.

Wako nao waliokwenda upande wa pili wakasema kwamba kabati la kale lisiguswe asilani, na mwenye kuligeuza ni mharibifu. Hao nao wamesahau historia. Mwaka 1981 Nintendo ya Marekani ilikuwa imeagiza kadiri ya makabati 3,000 ya mchezo ulioitwa Radar Scope. Wanunuzi wakawa wachache, na kama 2,000 yakabaki ghalani. Ndipo kijana Shigeru Miyamoto alipopewa kazi ya kubuni mchezo mwingine utakaoingia katika makabati yale yale. Bodi zikaletwa kutoka Japani, watu wachache wakaketi ghalani wakibadilisha kwa mikono, kabati baada ya kabati. Mchezo huo ndio Donkey Kong, uliolijenga jina la kampuni ile Marekani. Aidha, kuanzia katikati ya miaka ya themanini watengenezaji wa Japani waliafikiana juu ya mpango mmoja wa nyaya, uitwao JAMMA, ili mwenye ukumbi aweze kuchomoa bodi moja na kuchomeka nyingine. Kugeuza, basi, ni desturi ya kazi yenyewe. Linaloleta hasara ni kugeuza kusikokuwa na njia ya kurudi.

Kwa hivyo jibu letu ni hili. Kabla ya yote, bodi isiyowaka isihukumiwe kuwa imekufa. Mara nyingi kilichokufa ni kifaa kinachoipa umeme, au miguu ya chipu imeshika kutu. Aonyeshwe fundi ajuaye. Akisema haifai, bado isitupwe: itiwe katika mfuko maalumu wa kuzuia umeme tuli, iandikwe jina la mchezo na mwaka wa kuondolewa, ihifadhiwe chini ya kabati lilelile. Bodi mbovu ya leo yaweza kuwa ndiyo yenye chipu inayotafutwa kesho.

La pili, nyaya zisikatwe. Ikiwa kabati ni la mpango wa JAMMA, vipo vijibao vya kuunganishia ambavyo huchomekwa pale pale bodi ilipokuwa, upande mmoja vikishika nyaya za kale na upande wa pili vikishika kompyuta. Siku yoyote huchomolewa, na kabati likarudi lilivyokuwa. Kijiti cha kuongozea nacho kisibadilishwe kwa pupa. Pac-Man aliundwa kwa kijiti cha njia nne. Ukimwekea cha njia nane, huchelewa kwenye kona na mchezaji hudhani programu ndiyo mbovu.

La tatu ni kioo. Maadamu chawaka, kibakie, kwani picha za michezo ile zilichorwa kwa kuzingatia mng'ao wake, na vioo vya aina hiyo si rahisi kupata vipya siku hizi. Kompyuta ndogo yaweza kupangwa ikisemeshe. Lakini kijana wetu asikifungue mwenyewe. Vioo vya kisogo hubeba umeme wa maelfu ya volti, na hubaki nao hata baada ya plagi kuchomolewa. Mchezo haustahili roho ya mtu.

Na la nne, kubwa kuliko yote, ni haki ya mwenyewe. Emuleta ni halali kumiliki, lakini programu za michezo zina wenyewe, na nyingi zingali chini ya hakimiliki ingawa zina umri wa miaka arobaini. Wengi huzizoa kwa maelfu bila ya kuuliza ni za nani. Wakongwe hao ni mali za watu, na mali haipotezi mwenyewe kwa kuzeeka. Kampuni kadhaa huuza michezo yao ya zamani kwa kompyuta za leo, anunue huko. Ipo pia michezo michache, kama Robby Roto wa mwaka 1981, ambayo wenyewe wameiruhusu itumike bure kwa matumizi yasiyo ya biashara, na waandishi wa MAME huigawa kwa ruhusa hiyo. Michache ya halali yatosha sebule moja.

Twajua kwamba mashauri haya yana gharama. Nyumba za huko ni ndogo, kabati ni zito, na mama watoto ana haki ya kuuliza sanduku la vyuma vibovu lakaa hapa kwa sababu gani. Ikiwa hapana nafasi, vitu vile vipewe wakusanyaji au jumba la makumbusho. Wapo wanaovitafuta kwa hamu, na huvichukua kwa furaha. Jaani pawe mahali pa mwisho, baada ya milango yote kufungwa.

Basi, mwanetu, tia kompyuta yako, wanao wacheze. Sisi hatukukatazi. Lakini siku ya kwanza utakapoiwasha, waite wale watoto uwafungulie mlango wa nyuma wa kabati, uwaonyeshe bodi ya zamani iliyolazwa pale chini katika mfuko wake, uwaambie kwamba hii ndiyo iliyotangulia, na hii nyingine imekuja kuishika mkono. Wazee wetu walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Hawakusema kwamba msala mpya usitandikwe.