Msinunue seva mpya kabla ya kusoma kweri

Tangu mwaka wa 2017, wapinzani walipodai seva za tume ya uchaguzi zifunguliwe na Mahakama ya Juu ikafuta matokeo ya urais mnamo Septemba 1, kila Mkenya ana maoni kuhusu seva. Hapa Kangeta, mtu anayesubiri salio lake kwenye dirisha la Sacco atakwambia hata kabla hujamwuliza kwamba seva imezeeka. Karani atamwunga mkono. Meneja ataandika hivyo hivyo kwenye ripoti, na bodi, ambayo wengi wao ni wakulima wenye busara zao lakini hawajawahi kuona seva kwa ndani, itapitisha bajeti ya nyingine.

Kazi yangu ni kutunza mifumo ya ofisi ndogo ndogo kwenye barabara hii ya Meru kwenda Maua: Sacco, maduka ya pembejeo, na wafanyabiashara wa miraa waliochoka kuweka hesabu kwenye daftari. Nasema, na nitaendelea kusema mpaka nichukiwe, kwamba mara nyingi mashine inasingiziwa. Ugonjwa uko kwenye kweri, yaani ile amri ambayo programu huituma kwa hifadhidata kuomba taarifa. Kweri mbovu haitibiwi kwa chuma kipya. Inataka mtu anayejua kuisoma.

Nitoe mfano niliouona kwa macho yangu. Kuna Sacco moja eneo hili ambayo humtafuta mwanachama kwa nambari yake ya simu. Asubuhi mambo huenda vizuri. Alasiri, miraa ikishachumwa, ikafungwa na kulipiwa, watu humiminika kuweka pesa na kulipa mikopo, na hapo mfumo huanza kujikokota. Karani anaandika nambari, anabonyeza, anabaki kutazama dari. Foleni inatoka nje ya mlango. Waliouza programu hiyo walipoulizwa, walijibu kwa barua pepe fupi: nunueni seva yenye nguvu zaidi. Ikanunuliwa, na foleni ikabaki pale pale.

Nambari za simu zilikuwa zimehifadhiwa kama maandishi, na hilo ni sawa kabisa, kwa sababu ukiihifadhi nambari inayoanza na 07 kama hesabu, sifuri ya mwanzo inapotea. Lakini programu ilipoitafuta, iliituma bila alama za kunukuu, kana kwamba ni hesabu. Hifadhidata ya MySQL ikiambiwa ilinganishe maandishi na hesabu, hulazimika kugeuza kila nambari iliyomo kwenye jedwali kuwa hesabu, moja baada ya nyingine, ndipo ilinganishe. Indeksi ilikuwepo, tena imetengenezwa vizuri, ila haikuweza kutumika. Kwa hiyo kila mtu aliyefika dirishani alisababisha jedwali zima lisomwe, kuanzia mwanachama wa kwanza hadi wa mwisho. Watu wakiwa wachache, huoni. Wakija wote pamoja alasiri, utaona.

Kwa asiyejua indeksi ni nini, atazame magunia ya miraa yanayopakiwa kwenye Hilux kwenda Nairobi. Kila gunia lina alama ya mwenyewe. Anayeshusha anasoma alama, anatoa gunia, gari linaendelea na safari. Alama zikifutika, itambidi afungue kila gunia aangalie ndani, na miraa yenyewe haina subira, kwani baada ya saa 48 hivi nguvu zake zimeshapungua. Ukimletea gari jipya hapo hujamsaidia kitu. Jambo lenyewe si geni: muundo wa indeksi unaotumiwa na hifadhidata nyingi hadi leo ulibuniwa na Rudolf Bayer na Edward McCreight wakiwa Boeing, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Dawa ya Sacco ile ilikuwa alama za kunukuu, moja mbele ya nambari na moja nyuma. Mzee mmoja wa bodi alinitazama kwa muda, akauliza, "Kijana, unataka kuniambia tulitoa pesa zote zile kwa sababu ya vidoti?" Nikamwambia, ndiyo, mzee. Akauliza tena kwa nini hakuna aliyewaambia mapema. Swali hilo la pili ndilo limenifanya niandike makala haya.

Hakuna aliyewaambia kwa sababu hakuna aliyeulizwa ipasavyo. Vijana wetu wa kompyuta wana vikundi vya WhatsApp vya kila aina, na ombi la msaada huko karibu kila mara huja hivi: "Wadau, system iko slow, nisaidieni." Basi. Majibu nayo yanafanana na ombi. Ongeza RAM. Zima uwashe. Hamia kwa cloud. Aliyejibu hajui kweri inasemaje, jedwali lina mistari mingapi, wala hifadhidata ni ya aina gani. Anapiga ramli. Daktari akipigiwa simu na kuambiwa tu "mtoto ni mgonjwa", naye atakisia.

Anayetaka msaada wa kweli alete kweri yenyewe, neno kwa neno. Alete muundo wa jedwali pamoja na indeksi zake, ambao MySQL hukupa kwa amri ya SHOW CREATE TABLE. Aseme toleo la hifadhidata na idadi ya mistari. Zaidi ya yote, alete majibu ya EXPLAIN. Neno hilo ukiliweka mbele ya kweri, hifadhidata hukuonyesha inavyokusudia kufanya kazi: itatumia indeksi ipi, na inakadiria kupitia mistari mingapi. Katika MySQL, ukikuta ALL kwenye safu ya type, jua jedwali zima linasomwa. Katika PostgreSQL utakuta Seq Scan. Jedwali likiwa dogo, hilo halina neno. Likiwa na miamala ya miaka kumi, umempata mchawi.

Na kama hujui hata kweri ipi ndiyo inayochelewesha wenzake, MySQL ina daftari lake la kuandika kweri zinazochelewa. Kwa kawaida huja limezimwa, na hata ukiliwasha, kipimo chake cha kuanzia ni sekunde 10, muda ambao mteja wa Kangeta ameshaanza kugomba. Kiteremshe.

Nimepokea vijana kadhaa wa mafunzo ya kazini. Wanajua kuandika kweri ya kuunganisha majedwali matano, lakini EXPLAIN hawajawahi kuiona, na ukiwauliza wanaona aibu. Aibu hiyo inagharimu. Kijana akiogopa kuonekana hajui, atamwambia meneja seva imechoka, kwa sababu kwa neno hilo hakuna atakayemdadisi.

Kuna kosa jingine ambalo kwangu ni baya kuliko uvivu wa kuuliza. Mtu anapiga picha ya skrini na kuirusha kwenye kikundi cha watu mia mbili, ikiwa na majina ya wanachama, nambari za vitambulisho na salio la kila mmoja. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019, na faini yake kwa kampuni inaweza kufika Sh5 milioni au asilimia moja ya mauzo ya mwaka, kutegemea ipi iliyo ndogo. Hata bila sheria, deni la Mama Fulani linawahusu nini watu wa kikundi? Muundo wa jedwali na majibu ya EXPLAIN yanatosha. Nambari ya simu ikiwa ndani ya kweri, weka ya uongo.

Sisemi mashine haichoki. Nimeona hifadhidata ikikaa kwenye diski ya kuzunguka iliyokuwa inapiga kelele, na kwenye kompyuta yenye kumbukumbu ndogo kuliko simu ya karani. Hapo nunua. Wala indeksi si ya kumwaga kama mbolea, kwa maana kila unayoongeza hupunguza kasi ya kuingiza taarifa mpya. Lakini hayo nayo hujulikana kwa kupima.

Kwa hiyo, waheshimiwa wenyeviti wa bodi, kuanzia Maua hadi Embu, mkiletewa tena ombi la seva mpya, daini kwanza kweri tatu zinazochelewa zaidi ofisini mwenu, pamoja na EXPLAIN ya kila moja, na jina la mtu wa nje aliyezipitia. Mlipeni mtu huyo, hata kama atafanya kazi ya saa moja. Wasipoleta karatasi hizo, msitie sahihi.